Kuridhia au kukataa kupekuliwa: ulinganisho wa mamlaka ya polisi barabarani nchini Marekani

Mtu anaposimamishwa na polisi barabarani nchini Marekani na kuulizwa kama askari anaweza kuangalia mifukoni mwake, jambo lililo katika uwezo wake ni moja tu, nalo ni jibu lake. Kama askari alikuwa na haki ya kumsimamisha, ya kumpapasa au ya kumtia mbaroni, hayo hupimwa kwa yale ambayo askari aliyaona na kuyajua kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo anayetaka kuchagua vizuri kati ya kuridhia na kukataa hana budi kwanza kujua askari aliye mbele yake ameshika mamlaka gani, maana mamlaka hayo hayalingani, na jibu lilelile linaloweza kuokoa kesi nzima katika hali moja halibadilishi chochote katika hali nyingine.

Msingi wa yote ni Marekebisho ya Nne ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, ambayo yanakataza upekuzi na ukamataji usio na sababu ya maana, na kuagiza kwamba hati ya mahakama isitolewe ila kwa sababu ya kutosha iliyotolewa chini ya kiapo. Barabarani hati hiyo kwa kawaida haipo. Askari hutegemea mojawapo ya njia tatu ambazo mahakama zimezikubali bila hati: kumsimamisha mtu kwa muda mfupi na pengine kumpapasa, kumkamata na kumpekua kikamilifu, au kupata ridhaa yake. Mbili za kwanza zinamdai askari ushahidi. Ya tatu haimdai ushahidi wowote, na ndiyo maana huombwa mara nyingi.

Tuhuma zenye msingi na sababu ya kutosha

Ushahidi anaodaiwa askari hupimwa kwa viwango viwili, tuhuma zenye msingi na sababu ya kutosha, na sababu ya kutosha ndicho cha juu. Katika kesi ya Beck dhidi ya Ohio ya mwaka 1964, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kiwango hicho hufikiwa pale ambapo, katika dakika ileile ya kukamata, mambo anayoyajua askari na taarifa za kuaminika alizonazo zingemtosha mtu mwenye busara kuamini kwamba mtuhumiwa ametenda kosa au analitenda. Polisi wa Cleveland walimjua Beck kwa sura, walijua kwamba alikuwa na rekodi ya makosa ya kamari, na walisema kwamba walikuwa wamepata habari zake. Walimkamata akiwa ndani ya gari lake, wakalipekua gari wasipate kitu, kisha kituoni wakakuta karatasi za kamari zimefichwa chini ya soksi. Mahakama ilitengua hatia yake, kwa kuwa sura inayojulikana na rekodi ya zamani havithibitishi kwamba mtu anatenda kosa leo, na hakuna shahidi aliyeeleza habari hizo zilisema nini wala zilitoka kwa nani. Tangu kesi ya Illinois dhidi ya Gates ya mwaka 1983, majaji huitazama hali yote kwa jumla, na wamekataa kukigeuza kiwango hiki kuwa asilimia. Anayekuambia kwamba sababu ya kutosha ni asilimia 51 anakupa kipimo ambacho Mahakama ya Juu haijawahi kukiweka.

Tuhuma zenye msingi ziko chini ya hapo, lakini hazishuki mpaka kwenye hisia tupu: askari lazima aweze kutaja mambo mahususi aliyoyaona. Kiwango hiki kilizaliwa tarehe 10 Juni 1968, siku ambayo Mahakama ya Juu ilitoa hukumu zinazofaa kusomwa kwa pamoja, kwa sababu moja ilimpa askari ushindi na nyingine ikamnyima.

Ya kwanza ni Terry dhidi ya Ohio. Mchana wa tarehe 31 Oktoba 1963, mpelelezi Martin McFadden, aliyekuwa na miaka 39 katika kazi ya polisi, aliwaona wanaume wawili katikati ya jiji la Cleveland wakipokezana kupita mbele ya duka lilelile, kuchungulia dirishani, kurudi na kunong'onezana, yapata mara kumi na mbili kwa jumla. Alihisi kwamba wanapanga wizi wa kutumia silaha. Aliwafuata, akawauliza majina, na walipojibu kwa kumung'unya maneno akamgeuza Terry na kumpapasa nje ya mavazi. Alihisi bastola katika mfuko wa koti, na ndipo alipoitoa. Mtu wa tatu aliyekuwa nao alipapaswa pia, lakini kwa kuwa hakuhisiwa silaha, McFadden hakuingiza mkono ndani ya nguo zake. Mahakama, kwa majaji 8 dhidi ya 1, ilikubali kitendo hicho, na sidhani kwamba maelezo hayo ya mtu wa tatu ni ya pembeni: yanaonyesha wazi mkono wa askari unapaswa kukomea wapi.

Ya pili ni Sibron dhidi ya New York. Askari alimfuatilia Sibron huko Brooklyn tangu saa kumi alasiri hadi usiku wa manane, akamwona akizungumza na watu kadhaa aliowajua kuwa watumiaji wa dawa za kulevya, bila kusikia neno lolote wala kuona kitu chochote kikitolewa au kupokewa. Kisha alimtoa nje ya mgahawa na kuingiza mkono moja kwa moja mfukoni mwake, akatoka na heroini. Upekuzi huo ulikuwa batili. Kuzungumza na watu wenye sifa mbaya hakukuwa sababu ya kutosha ya kumkamata, na kwa kuwa askari alikuwa akitafuta dawa wala si silaha, hakuweza kujificha nyuma ya hoja ya usalama wake. Heroini iliyopatikana haikuweza kurudi nyuma na kuuhalalisha mkono ulioitoa.

Basi tofauti ya viwango hivi viwili ni tofauti ya mkono kuwa juu ya nguo au ndani yake. Kwa tuhuma zenye msingi kwamba kosa linatendeka, askari anaweza kukusimamisha na kukuhoji kwa muda mfupi. Akiwa pia na tuhuma zenye msingi kwamba una silaha na ni hatari, anaweza kukupapasa kwa nje, na ruhusa ya kusimamisha si ruhusa ya kupapasa. Katika kesi ya Minnesota dhidi ya Dickerson ya mwaka 1993, askari alihisi kidonge kidogo mfukoni, akakiminya na kukitelezesha kwa vidole mpaka akaamini kwamba ni kokeini. Ilikuwa sehemu moja ya tano ya gramu. Mahakama ilisema kwamba kitu ambacho asili yake inajulikana mara moja kwa kuguswa kinaweza kuchukuliwa, lakini huyu alikuwa ameshajua kwamba si silaha na bado akaendelea kuminya.

Hukumu mbili za mwaka 2000 zinapima jambo ambalo watu huliamua kwa miguu. Katika Illinois dhidi ya Wardlow, mtu aliyekuwa katika eneo la Chicago linalojulikana kwa biashara ya dawa za kulevya alitimua mbio ghafla alipoona magari ya polisi, na Mahakama, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliona kwamba eneo na mbio hizo kwa pamoja zilitosha kumsimamisha. Katika Florida dhidi ya J.L., mpigasimu asiyejitambulisha alisema kwamba kijana aliyevaa shati la mirabamiraba kwenye kituo cha basi alikuwa na bunduki. Polisi wakamkuta kijana amesimama tu, wakampapasa, na bunduki ikapatikana kweli, lakini majaji wote walikubaliana kwamba upekuzi huo ulikuwa batili, kwa kuwa simu hiyo haikuwa na lolote la kuthibitisha ukweli wake. Aliyesimama alishinda akiwa na bunduki mfukoni. Aliyekimbia alishindwa.

Kukamatwa, na kile kinachofunguka nako

Ukamataji halali wa kupelekwa kizuizini hufungua karibu kila kitu kilicho mwilini mwa mtu, hata kama kosa lenyewe halina uhusiano na kinachotafutwa. Katika Marekani dhidi ya Robinson ya mwaka 1973, dereva alikamatwa kwa kuendesha gari baada ya leseni yake kufutwa. Askari alitoa pakiti ya sigara iliyokunjika mfukoni mwake, akaifungua, akakuta vidonge 14 vya heroini. Mahakama ilisema kwamba askari hahitaji kueleza ni kitu gani alichokihofia, kwani ukamataji wenyewe unatosha. Hapa ridhaa haina kazi, na kukataa hakuzuii chochote, ingawa bado kuna faida ya kukataa ambayo nitaieleza baadaye.

Mipaka ipo, na inafaa kujulikana kwa sababu baadhi yake huvukwa kimyakimya. Dereva anayeandikiwa karatasi ya faini tu, bila kukamatwa, hawezi kupekuliwa kwa kisingizio hiki (Knowles dhidi ya Iowa, 1998). Simu ya mkononi inaweza kuchukuliwa, lakini yaliyomo hayaruhusiwi kuangaliwa bila hati, isipokuwa kuwe na dharura ya kweli (Riley dhidi ya California, 2014, kwa kauli moja ya majaji wote). Pumzi ya dereva aliyekamatwa kwa ulevi inaweza kupimwa bila hati, lakini damu yake haiwezi kwa kigezo hicho pekee (Birchfield dhidi ya North Dakota, 2016). Kuhusu begi lililochukuliwa baada ya mwenyewe kutiwa pingu, mahakama za rufaa hazina msimamo mmoja, na hata pale linapookoka barabarani, polisi wanaweza kuliorodhesha yaliyomo kituoni kabla ya kumweka mwenyewe mahabusu.

Kinachonisumbua zaidi katika eneo hili ni urahisi wa kuufikia ukamataji wenyewe. Mwaka 2001, katika kesi ya Atwater dhidi ya mji wa Lago Vista, mama mmoja wa Texas alikamatwa na kutiwa pingu kwa kosa la mkanda wa gari, kosa ambalo adhabu yake ya juu ilikuwa faini ya dola 50, na Mahakama ya Juu ikasema kwamba Katiba haikuvunjwa. Ukiunganisha hukumu hiyo na ya Robinson unapata matokeo yasiyopendeza: kosa dogo ambalo haliwezi kumfunga mtu linaweza kuifungua mifuko yake yote. Askari anaweza pia kutanguliza upekuzi na kumalizia kwa kukamata, mradi sababu ya kutosha ilikuwepo tayari na ukamataji ulifuata papo hapo (Rawlings dhidi ya Kentucky, 1980). Aliye na hati ya zamani ya kukamatwa, hata ya faini ya gari isiyolipwa, ana udhaifu zaidi, kwa sababu katika Utah dhidi ya Strieff ya mwaka 2016 kusimamishwa kulikuwa batili, lakini hati ya namna hiyo ilipogunduliwa, ushahidi ulikubaliwa.

Ridhaa: kuitoa au kuinyima

Sasa turudi kwenye swali la askari. Katika Schneckloth dhidi ya Bustamonte ya mwaka 1973, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ridhaa ni halali ikiwa imetolewa kwa hiari, na kwamba polisi hawalazimiki kumwambia mtu kwamba ana haki ya kukataa. Majimbo yanaweza kudai zaidi: huko New Jersey, tangu mwaka 1975, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba aliyeridhia alijua kwamba angeweza kukataa, na katika jiji la New York sheria iliyoanza kutumika mwaka 2018 inawataka polisi wamweleze mtu haki hiyo pale wasipokuwa na msingi mwingine wa kumpekua. Mahali pengi hakuna atakayekueleza.

Faida ya kuridhia ni muda. Asiye na kitu, mwenye haraka, anaweza kuachiwa mapema, na siwezi kusema kwamba hesabu hiyo haina maana kabisa. Hasara yake ni kwamba ridhaa huondoa maswali yote mengine: hakimu hatauliza tena kama askari alikuwa na tuhuma za kumpapasa mtu au sababu ya kutosha ya kuingiza mkono mfukoni, kwa kuwa mwenye mfuko aliufungua mwenyewe. Tena mtu huwa na hakika ya vilivyo mwilini mwake kuliko ya vilivyo katika koti la kuazima au gari la rafiki. Katika Maryland dhidi ya Pringle ya mwaka 2003, dereva aliridhia gari lake lipekuliwe. Zilipatikana dola 763 katika kisanduku cha mbele na vifuko vitano vya kokeini nyuma ya egemeo la mkono katika kiti cha nyuma. Hakuna aliyekiri kuwa ni vyake, wote watatu waliokuwemo wakakamatwa, na Mahakama ya Juu ikasema kwamba palikuwa na sababu ya kutosha ya kumkamata Pringle, abiria wa mbele. Neno la mmoja liliwafikisha watatu kituoni.

Kukataa kuna gharama ya dakika kadhaa za mvutano, na pengine askari ataendelea kupekua hata hivyo. Hata hivyo kukataa peke yake hakuwezi kuhesabiwa kuwa ndiyo tuhuma. Mahakama ya Juu ilisema hivyo katika Florida dhidi ya Bostick ya mwaka 1991. Na hapa ndipo ilipo ile faida niliyoitaja: hata pale askari anapodai kwamba tayari ana mamlaka ya kukamata, aliyekataa anamwachia mzigo wa kuyathibitisha mbele ya hakimu, na ukamataji ukionekana batili, hakuna ridhaa ya kuuokoa upekuzi. Aliyeridhia hana pa kurudi. Kwa hesabu yangu kukataa kunashinda karibu mara zote, kwa sharti kwamba kukataa huko kuwe kwa maneno tu. Kusukuma mkono wa askari, kugeuka ili kuuzuia mfuko au kuondoka kabla ya kuruhusiwa kunaweza kuzaa shtaka jipya, na katika majimbo mengi mtu haruhusiwi kupinga kwa nguvu hata ukamataji ulio batili.

Maneno ya Kiingereza yanayotosha ni "I do not consent to a search". Ninayasisitiza kwa sababu msemaji wa Kiswahili hujibu "okay" kwa adabu au ili kuonyesha kwamba amesikia, ilhali kipimo cha mahakama ni vile mtu wa kawaida angeyaelewa mabadilishano hayo, na kuitikia kwa kichwa kumewahi kuhesabiwa kuwa ridhaa. Asiyeelewa swali aseme kwamba hajaelewa. Aliyekwisha kuridhia kwa sehemu anaweza kuweka mpaka au kuiondoa ridhaa kwa maneno ya wazi kabla kitu hakijapatikana. Kama askari alidai kuwa ana hati ndipo mtu akakubali, hiyo si ridhaa bali ni utii (Bumper dhidi ya North Carolina, 1968).

Kunyamaza kabisa ni chaguo la tatu, nalo liko katikati. Linamlinda mtu asijitie hatiani kwa maelezo, lakini halikatai upekuzi waziwazi, na ukimya unaofuatana na mikono iliyoinuliwa unaweza kuja kuelezwa mahakamani kama kukubali. Isitoshe, katika majimbo yenye sheria hiyo, aliyesimamishwa kihalali anaweza kulazimishwa kutaja jina lake (Hiibel, Nevada, 2004). Ni bora kutaja jina, kukataa upekuzi, kisha kunyamaza.

Baada ya tukio: kuzuia ushahidi au kudai fidia

Aliyepekuliwa isivyo halali ana njia mbili, na nimeona watu wakizichanganya. Ya kwanza ni ombi la kuzuia ushahidi ndani ya kesi ya jinai, linalotokana na kanuni ambayo Mapp dhidi ya Ohio ya mwaka 1961 iliifanya iwabane polisi wa majimbo yote. Njia hii ina nguvu, maana bila kilichopatikana mfukoni kesi nyingi za kumiliki dawa au silaha huanguka, na kwa kuwa upekuzi haukuwa na hati, kwa kawaida ni upande wa mashtaka unaobeba mzigo wa kuuhalalisha. Udhaifu wake ni kwamba inamfaa tu aliyekutwa na kitu na akashtakiwa. Kwa aliyepapaswa, akadhalilishwa na kuachiwa aende zake, haina la kutoa.

Huyo wa pili anabaki na kesi ya madai chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1871, ambayo kwa kawaida huitwa kifungu namba 1983 (hiyo ni namba ya kifungu, si mwaka). Anaweza kupata fidia, lakini askari hulindwa na kinga inayomwondolea dhima ikiwa haki iliyovunjwa haikuwa imethibitishwa waziwazi na hukumu zilizotangulia, na muda wa kufungua kesi hufuata sheria ya jimbo kuhusu madai ya majeraha. Aliyetiwa hatiani hawezi kutumia kesi hiyo kuibomoa hatia ambayo bado imesimama. Kwa sababu hiyo mwenye kesi zote mbili huanza na ya jinai, bila kuacha muda wa ile ya madai umpite.

Asiye raia aongeze jambo moja katika hesabu yake. Tangu INS (iliyokuwa idara ya uhamiaji) dhidi ya Lopez-Mendoza ya mwaka 1984, kanuni ya kuzuia ushahidi kwa kawaida haitumiki katika mashauri ya kuondolewa nchini, isipokuwa ukiukaji uwe mkubwa mno. Ushahidi uliozuiwa katika mahakama ya jinai unaweza basi kujitokeza tena mbele ya jaji wa uhamiaji, na kukubali kosa ili kesi iishe haraka kunaweza kumgharimu ukaazi wake. Wakili wa jinai anapaswa kuambiwa hali ya uhamiaji ya mteja wake siku ya kwanza.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, kinachoamua ni mfuatano wa matukio: askari alisema nini kwanza, alimwonaje mtu, mkono ulianza juu ya nguo au ndani, pingu zilifungwa kabla ya kitu kupatikana au baadaye, na neno la kukataa lilitamkwa saa ngapi. Hayo yaandikwe usiku uleule, kwa lugha yoyote ambayo mhusika anaimudu, na wakili aombwe kudai picha za kamera ya mwilini ya askari mapema, kabla hazijafutwa.